Ndani ya Bua la Mahindi: Somo la Shina, Funza na Kiduha kutoka Dabani



Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa letu la kusaidiana la Jumamosi kuna swali ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kilimo na wa ualimu wa sayansi hawaachi kuliuliza: muundo wa ndani wa shina tunafundishwa ili utusaidie nini? Mchoro wake wanaukariri. Mahusiano ya viumbe nayo wanayakariri, kwa jedwali la alama za kujumlisha na kutoa: huyu anafaidika, yule anaumia, huyu hana habari. Mtihani ukipita, mchoro na jedwali vyote vinabaki daftarini.

Mimi nimezaliwa Dabani, Busia ya upande wa Uganda, na shamba la mama yangu liko huko huko. Katika shamba lile mada hizi mbili ni mada moja. Kila adui wa mahindi anayeishi Dabani, Tororo au ng'ambo ya mpaka huko Busia ya Kenya anatafuta njia ya kufikia mrija fulani ndani ya mmea. Ukiijua mirija hiyo iko wapi na inabeba nini, utaelewa kwa nini adui mmoja anapita kwenye jani, mwingine kwenye mzizi, na kwa nini dawa ya huyu haimfai yule. Kwa hiyo leo, inshaallah, tutalipasua bua kwanza, kisha tutawaangalia wageni wake mmoja mmoja.

Usiniamini kwa maneno, kata mwenyewe. Tafuta wembe mpya, glasi ya maji yenye wino mwekundu, mmea wa mahindi wa wiki tano hivi na mche wa maharage wa umri unaokaribiana. Kata mashina chini, na ukatie ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mirija, kisha yasimamishe kwenye glasi ya wino. Ukiyaweka baada ya Dhuhuri, ukirudi kutoka Alasiri kazi imekwisha. Sasa kata kipande cha kukingama, chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, ukiangalie juani.

Katika maharage utaona madoa mekundu yamejipanga duara, kama watu waliokaa kwenye halaka. Katikati ya duara kuna nyama laini isiyo na doa. Katika mahindi hakuna duara. Madoa yametawanyika kote, mengi zaidi yakiwa karibu na ganda. Tofauti hiyo ndiyo mwalimu wako anataka uieleze anapouliza kuhusu mimea ya ghala mbili na ya ghala moja, na ndiyo itakayotubeba hadi mwisho wa somo hili.

Kila doa ni kifungu cha mirija. Ndani yake mna mirija ya aina mbili. Zailemu ni mirija ya seli zilizokufa, kuta zake zimekakamaa kwa lignini, nayo hupandisha maji na madini kutoka mizizini. Ndiyo iliyobeba wino wako. Floemu ni ya seli hai, nayo hubeba sukari iliyotengenezwa majanini kuipeleka panapohitajika: kwenye mizizi, kwenye ncha inayokua, kwenye gunzi linalojaza punje. Wanaosema floemu inashusha tu wanakosea. Chakula cha gunzi lililo juu ya jani kinapanda.

Ukipata darubini, kifungu cha mahindi kinafanana na uso wa nyani: mirija miwili mikubwa ya zailemu ni macho, uwazi ulio chini yake ni mdomo, na floemu iko kwenye paji la uso. Kuzunguka uso huo kuna ala ya seli ngumu. Nafasi yote inayobaki katikati ya vifungu imejaa seli laini za parenkima, ghala la maji na sukari.

Kama huna darubini, una meno. Tafuna muwa. Muwa na mahindi ni jamaa wa ukoo mmoja, ukoo wa nyasi, na mashina yao yamejengwa kwa mpango uleule. Utamu unaoumeza umetoka kwenye parenkima. Zile nyuzi zinazokukwama menoni, ambazo huna budi kuzitema, ni vifungu vya mirija pamoja na ala zake ngumu. Lile ganda linalokukata midomo ni ngozi ya nje na seli ngumu zilizobanana chini yake. Fundo ni mahali vifungu vinapopishana na kuingia kwenye jani, ndiyo maana ni pagumu kutafuna. Pingili ni ile sehemu laini kati ya fundo na fundo. Mtoto wa Busia anayetafuna muwa njiani ameshafanya nusu ya maabara yetu.

Jambo moja zaidi kuhusu bua, kisha tuingie shambani. Katika maharage, kama katika mwembe, kuna ukanda mwembamba wa seli zinazogawanyika kati ya zailemu na floemu. Huo ni kambiamu. Kwa sababu yake mwembe unanenepa mwaka hadi mwaka, na ukiuchanja kwa panga kidonda kinajifunga taratibu. (Ila mbuzi akimenya gome kuuzunguka mti wote, mti unakufa, kwa kuwa floemu iko upande wa nje na imeondoka na gome. Mizizi inakufa njaa huku majani bado ni mabichi.) Mahindi hayana kambiamu. Bua likishafikia unene wake, limefika. Mirija iliyokatwa haina fundi wa kuirudisha. Likumbuke hili tunapomkaribisha mgeni wa kwanza.

Mgeni huyo ni funza wa mabua. Katika ukanda wetu wanatajwa zaidi wawili. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika, jina lake la kisayansi ni Busseola fusca. Wa pili, Chilo partellus, ni mhamiaji kutoka Asia. Aliripotiwa kwanza Malawi katika miaka ya 1930, na kufikia miaka ya 1950 alikuwa ameshafika Afrika Mashariki. Wote wawili ni watoto wa nondo wa usiku. Mama wa Busseola huyaficha mayai yake kwa safu kati ya ala ya jani na bua. Wa Chilo huyataga juu ya jani, yamepangana kama magamba ya samaki.

Mayai yakianguliwa, vifunza havilitoboi bua siku hiyo hiyo. Vina taya dogo na ganda ni gumu. Vinapanda kwanza kwenye moyo wa mmea, pale majani machanga yanapochomoza yakiwa yamejikunja, na kula hapo. Jani linapokuja kukunjuka unaona matundu yaliyojipanga mstari, na sehemu zilizobaki utando mwembamba kama kioo cha dirisha. Hicho ndicho kipindi pekee ambacho mkulima mwenye dawa mkononi anaweza kuwafikia. Siku chache tu. Wakikua kidogo wanatoboa na kuingia ndani, na dawa ya kunyunyiza haiwafuati.

Ndani ya bua wanakula nini? Hapa mchoro wa shina unaanza kujilipa. Chakula ni parenkima yenye sukari, ila vifungu vimetawanyika humo kila mahali, kwa hiyo funza hawezi kuchimba handaki bila kukata mirija. Zailemu ikikatwa, maji hayafiki juu. Floemu ikikatwa, punje hazijai. Funza akiingia mapema na kukata sehemu changa ya juu, jani la katikati linakauka na ukilivuta linatoka lenyewe. Wakulima wanaliita moyo mfu. Akiingia baadaye, bua linasimama lakini halina nguvu, na upepo wa kwanza wa mvua unalilaza. Mmea ule, kama tulivyoona, hauna kambiamu ya kuziba handaki.

Kwenye jedwali uhusiano huu ungeandikwa kwa alama mbili tu, ya kujumlisha kwa funza na ya kutoa kwa mahindi. Shambani wapo zaidi ya wawili.

Yuko nyigu mdogo mweusi, mdogo kuliko chungu wengi uwajuao, wa jamii ya Cotesia. Anamtafuta funza ndani ya handaki, akiongozwa na harufu ya kinyesi kilichosukumwa nje ya tundu na harufu ya mmea uliotafunwa. Akimfikia anamchoma na kumtagia mayai mengi mwilini. Watoto wa nyigu wanamla funza kutoka ndani, kisha wanatoka na kujifumia vifuko vyeupe kama punje za mchele zilizoshikana. Ukipasua bua ukakuta funza aliyenyauka pembeni ya kishada cha vifuko vyeupe, usivisugue kwa kiatu. Hao ni wafanyakazi wako usiowalipa mshahara.

Cotesia sesamiae ni mwenyeji wetu wa Afrika. Lakini Chilo alipohama kutoka Asia hakuja na adui wake, ndiyo maana alistawi sana, hasa pwani. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, kilimleta nyigu wa Kiasia, Cotesia flavipes, kutoka Pakistani na kumwachia pwani ya Kenya mwaka 1993. Alishika makazi na kuenea. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa Mombasa na kusoma Makerere kabla ya kwenda Cambridge. Nawatajia kwa makusudi wenzangu wanaodhani sayansi ya wadudu ni mali ya watu wa mbali.

Kuna jambo kuhusu nyigu huyu ambalo kila nikilisoma nasema subhanallah. Mwili wa funza una ulinzi wake: yai geni likiingia, seli za damu hulizingira na kuliua. Nyigu anapotaga huingiza pamoja na mayai virusi maalumu vinavyozima ulinzi huo. Na Cotesia sesamiae wa bara na wa pwani hawako sawa. Wa magharibi ya Kenya anaweza kukua ndani ya Busseola, wa pwani hawezi, mayai yake huuawa. Kwa macho ni nyigu yuleyule. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama Cotesia sesamiae ni adui wa Busseola, jibu sahihi linaanza na swali: nyigu wa wapi?

Wanazuoni wetu wa kale hawakuwa mbali na maswali ya namna hii. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 3 Hijria, aliandika Kitab al-Hayawan, na ndani yake akazungumzia wanyama wanavyowindana. Ila yeye hakuwa na darubini, na sisi tunayo.

Sasa mgeni wa pili, na huyu ndiye anayeliza watu wa kwetu zaidi kuliko funza. Tanzania wanamwita kiduha, Waluo kayongo, Waluhya oluyongo. Jina la kisayansi ni Striga hermonthica. Maua yake ni ya waridi yaendayo zambarau, mazuri kabisa. Mgeni anayepita barabara ya Busia kwenda Tororo anaweza kuomba kupiga nayo picha. Mwenye shamba haombi.

Kiduha ni mmea unaonyonya mmea. Kina majani ya kijani na kinajitengenezea chakula kidogo, lakini maji na madini yote kinachukua kwa mwenyeji wake, na sukari pia kwa sehemu. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu, nazo hulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Zinasubiri nini? Mbegu ndogo kiasi hicho haina akiba. Ikiota mbali na mzizi inakufa baada ya siku chache. Kwa hiyo haioti mpaka isikie harufu ya mzizi karibu.

Harufu hiyo ina historia ya kusisimua. Mwaka 1966 watafiti waliipata kutoka mizizi ya pamba, wakaiita strigoli, na kundi lote la kemikali hizo likaja kuitwa strigolaktoni. Kwa miaka karibu arobaini fumbo lilibaki: kwa nini mmea utoe kemikali inayomwamsha adui wake? Jibu lilipatikana mwaka 2005. Kemikali hiyo ni wito kwa rafiki. Kuna kuvu wa udongoni wanaoingia kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi, nao mmea unawalipa kwa sukari. Strigolaktoni huwafanya kuvu hao watanue matawi kuelekea mzizi. Kiduha kimejifunza kusikiliza mwito wa wengine. Kisha mwaka 2008 ikagunduliwa kuwa kemikali zilezile, ndani ya mmea wenyewe, ni homoni inayozuia vichipukizi vya shina visitoe matawi ovyo. Mmea wenye njaa ya fosforasi hutoa strigolaktoni nyingi zaidi: unaita marafiki kwa nguvu na unapunguza matawi yasiyohitajika. Ndiyo sababu kiduha hushamiri kwenye udongo uliochoka, na samadi huwa sehemu ya tiba. Mwanafunzi aliyetenganisha mada ya mashina na mada ya mahusiano atalipata wapi jambo hili?

Mbegu ikishaota, kimzizi chake kinagusa mzizi wa mahindi, kinavimba na kutoa kiungo cha kunyonyea kinachopenya ngozi ya mzizi, kinapita nyama yake, hadi kwenye zailemu. Pale mirija ya kiduha na mirija ya mahindi inaunganishwa ikawa njia moja. Na kiduha kina ujanja wa kuvuta. Jua likiwa kali, mahindi hufunga vitundu vya majani yake ili yasipoteze maji. Kiduha huviacha wazi. Maji yanakwenda kwa anayeyavuta zaidi. Mahindi yananyauka na kudumaa huku udongo una unyevu, na mkulima haelewi.

Madhara mengi hufanyika kabla kiduha hakijachomoza juu ya ardhi. Kwa hiyo ukisubiri ukione ndipo ung'oe, umeokoa kidogo msimu huu. Lakini bado king'oe, na king'oe kabla hakijatoa mbegu, kwa sababu ya miaka kumi ijayo. Huko vijijini nimesikia watu wazima wakisema shamba limelogwa, au limepigwa jicho. Siwalaumu. Wameona mmea unakauka juu ya udongo wenye maji. Lakini wewe uliyesoma, ukiitwa uone shamba la namna hiyo, usikae kimya kwa adabu. Omba jembe, chimba mmea mmoja taratibu, suuza mizizi kwa maji, uwaonyeshe vile vichipukizi vyeupe vilivyoshikamana na mzizi.

Linganisha kiduha na mlangamia, ule mmea wa nyuzi za manjano unaotandaa juu ya nyua bila jani wala mzizi. Huo hukamata shina, unalizunguka, na kupenyeza viungo vya kunyonyea hadi zailemu na floemu zote mbili, kwa sababu wenyewe karibu hautengenezi chakula. Kiduha kina majani, kwa hiyo njaa yake kubwa ni ya maji na madini. Ukijua adui anakosa nini, utabashiri amejiunganisha na mrija gani. Swali la mtihani la namna hiyo nimewahi kuliona, na waliokariri walilikimbia.

Sasa tufike kwenye tiba ambayo, kwa maoni yangu, ni kazi bora kabisa ya elimu ya mahusiano ya viumbe iliyofanyika karibu na kwetu. Inaitwa sukuma-vuta. Ilianzia kwenye kituo cha ICIPE cha Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, kwa ushirikiano na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya, chini ya Profesa Zeyaur Khan. Mwaka 1997 walichapisha katika jarida la Nature kwamba kuna nyasi, Melinis minutiflora, ambazo bila hata kutafunwa hutoa harufu ileile ya mmea uliotafunwa na funza. Nondo akiisikia anaona nyumba imejaa, anapita. Nyigu akiisikia anakuja. Baadaye nafasi ya nyasi hizo ndani ya shamba ikachukuliwa na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, na hapo ndipo walipopata zawadi ambayo hawakuitafuta: kiduha kikapungua.

Desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi, majani yake yanawasukuma nondo. Mizizi yake inatoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha, na nyingine zinazozuia kimzizi kisikue wala kushika mzizi wa mahindi. Mbegu inaamka, haipati pa kushika, inakufa, na ghala la mbegu udongoni linapungua msimu hadi msimu. Juu ya hayo, bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake wanaongeza naitrojeni. Upande wa kuvuta, nyasi za nepia (Waganda wanaziita ebisagazi) zinapandwa kuzunguka shamba. Nondo anazipenda kuliko mahindi, anataga huko. Vifunza vinapojaribu kutoboa shina la nepia, mmea unatoa utomvu unaonata na wengi wao wanafia humo. Shina dhidi ya funza, na safari hii shina linashinda.

Desmodiamu na kiduha utaviandikaje kwenye jedwali lako la alama? Usikimbilie jibu. Desmodiamu haimli, haishindani naye kwa chakula kwanza, haimhitaji. Inamdhuru kwa kemikali tu. Lipo jina la uhusiano huo kitabuni, lakini ukianza na jina utasahau kuuliza inafanyikaje.

Tuweke hesabu, kwa kuwa hapa ndipo pana uzito kwetu. ICIPE wameeleza kuwa wakulima wa magharibi ya Kenya waliotumia njia hii wametoka chini ya tani 1 ya mahindi kwa hekta hadi tani 3.5 hivi. Ekari moja ni hekta 0.4. Kwa hiyo ekari iliyoliwa na kiduha inatoa chini ya kilo 400, na ekari iliyotunzwa inaweza kukaribia kilo 1,400. Nisabu ya zaka ya mazao ni wasaki 5, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi wanazikadiria kuwa kilo 650 hivi. Mwenye ekari ya kwanza yuko chini ya nisabu, na huenda yumo kwenye orodha ya wanaopewa. Mwenye ekari ya pili, kwa shamba la mvua, anatoa moja ya kumi, kilo 140. (Suala la kujumlisha mavuno ya misimu miwili ya mwaka waulizeni masheikh, mimi ni mtu wa mimea.) Kinachotenganisha majirani hawa wawili ni kiungo cha kunyonyea ambacho hakionekani mpaka uchimbe.

Nisiwafiche ugumu wake. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na ndogo, na msimu wa kwanza palizi yake ni kazi ya mikono hasa, kwa maana miche yake haitofautiani sana na magugu. Mwenye shamba la kukodi kwa msimu mmoja hafaidiki na mmea unaolipa kwa miaka. Na nepia yenyewe ina ugonjwa. Mwaka 1997 uligunduliwa Bungoma ugonjwa wa kudumaa kwa nepia, ukaenea magharibi ya Kenya na Uganda. Kisababishi ni fitoplasma, kiumbe kama bakteria asiye na ukuta wa seli, anayeishi ndani ya floemu. Anasambazwa na mdudu mdogo anayefyonza floemu. Majani yanakuwa ya njano na madogo, mmea unabaki kishungi. Sasa unajua kwa nini: barabara ya sukari imevamiwa. Usichukue vipando kutoka shamba lenye dalili hizo hata ukipewa bure. Ndiyo sababu moja ya baadhi ya wakulima kupanda nyasi za brakiaria pembeni badala ya nepia, nazo zinastahimili ukame vizuri zaidi.

Kwa wale ambao nyumbani kwao ni Busia, Tororo au popote penye kiduha, na mnaotaka kujaribu mvua za Machi zikianza, vipimo ni hivi. Nepia mistari mitatu kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mmea na mmea. Acha mita moja, kisha anza mahindi, sentimita 75 kati ya mistari. Katikati ya kila mistari miwili chora mfereji mwembamba kwa kijiti, changanya mbegu ya desmodiamu na mchanga laini ili isimwagike ovyo, nyunyiza, funika kidogo sana. Palilia wiki ya tatu na ya sita. Msimu unaofuata usiing'oe desmodiamu, ikate fupi tu na upande mahindi kati yake. Kinachokatwa ni lishe ya ng'ombe. Mabua baada ya mavuno usiyaache yamesimama hadi mvua nyingine, kwa sababu funza hulala humo kiangazi chote. Walishe mifugo, au yalaze juani yakauke kabisa.

Nilipomchorea mama ramani hii kwenye gunia la saruji, aliiangalia akaniuliza: "Mwanangu, na maharage yangu nitayaweka wapi?" Wengi wataulizwa hivyo nyumbani, kwa sababu Dabani hakuna anayepanda mahindi peke yake. Maharage yanakaa kwenye mstari uleule wa mahindi, katika shimo moja nayo au kati ya shimo na shimo. Katikati ya mistari ni pa desmodiamu.